Ameambiwa Siku 126 Zimeisha, na Mguu Bado Haujaunga

BARUA YA KWANZA

Shikamoo mama. Mimi ni mpakiaji wa magunia, naishi Chikongola hapa Mtwara mjini. Nina miaka 34, mke na watoto watatu. Tarehe 14 Novemba 2023, msimu umepamba moto, rundo la magunia ya korosho liliporomoka ghalani tukiwa tunashusha mzigo, likanilalia mguu wa kushoto. Mifupa yote miwili chini ya goti ilivunjika. Nilipasuliwa, nikawekewa chuma, nikakaa na hogo miezi. Kazini walijaza fomu za Mfuko wa Fidia, nikawa napata 224,000 kila mwezi badala ya mshahara wangu wa 320,000. Nashukuru, watoto walikula.

Mwezi wa nane 2024 mguu ulikuwa bado unavimba. Mjomba akasema hospitali wamenichosha, akanichukua mpaka Newala kwa mzee anayeunga mifupa. Nilikaa kule hadi mwisho wa Oktoba. Mwezi wa kumi na mbili kidonda kikaanza kutoa maji, nikarudi hospitali. Daktari akapiga picha, akasema mfupa mmoja haujashikana, natakiwa kupasuliwa tena, na ameandika rufaa ya kwenda Dar es Salaam. Wakati huo huo fedha zilishakatika tangu Septemba. Nilipokwenda kuuliza, bwana utumishi akaniambia siku zangu 126 zimeisha na Mfuko umefunga faili langu, nisaini karatasi nipewe 400,000 tuachane kwa amani. Je, malipo yangu yanaweza kuongezwa muda? Na hiyo karatasi nisaini? Nakutumia nakala za vyeti vyangu vyote. Bwana utumishi aliniuliza pia kama nataka "kuandikwa kilema", nikakasirika nikaondoka.

Mpakiaji, Chikongola

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole sana. Nianze na la mwisho kwa sababu ndilo la haraka: usisaini. Ukiitwa tena, nenda na mtu mzima mwenzako, sikiliza, omba nakala ya hiyo karatasi ukaisome nyumbani, kalamu usiishike.

Sasa tukae. Nimekaa miaka 22 kwenye meza ya utumishi, ghalani na viwandani huku kwetu kusini, na fomu za ajali nimezijaza kwa mkono wangu. Naijua hiyo sentensi ya siku 126. Inasemwa na watu wawili: asiyejua, na anayejua kwamba wewe hujui. Huyo wako ni yupi mimi sijui, na kwako haibadilishi kitu.

Siku 126 ni za likizo ya ugonjwa. Zimo kwenye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004: mfanyakazi akiugua, katika mzunguko wa miezi 36 anapata siku 126, za kwanza 63 kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Malaria, tumbo, presha, ndio mlango wao. Wewe hukuugua. Uliumia kazini, na aliyeumia kazini ana sheria yake nyingine, Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi Namba 20 ya 2008, na Mfuko wake ulioanza Julai 2015. Kule malipo ya ulemavu wa muda ni asilimia 70 ya mshahara, nawe unayajua kwa kuwa umeyala: asilimia 70 ya 320,000 ndiyo hiyo 224,000. Ukomo wake si siku 126. Ni miezi 24.

Chukua kalenda uhesabu mwenyewe ili siku ukikaa mbele yao uwe na uhakika. Kuanzia 14 Novemba 2023, siku ya 126 iliangukia 18 Machi 2024. Lakini wewe umelipwa mpaka Agosti. Kama hesabu ya siku 126 ndiyo iliyokuwa inakulipa, fedha ya Aprili, Mei, Juni, Julai na Agosti ilitoka wapi? Waulize hivyo hivyo, kwa adabu, na ukae kimya usubiri jibu.

Basi kilichokatisha malipo ni nini? Vyeti vyako nimevitandika juu ya mkeka jana baada ya alasiri, kimoja kimoja kwa tarehe, kama nilivyokuwa nikifanya kazini. Vya 2023 vimefuatana vizuri. Vya 2024 vinakuja, Januari, Machi, Mei. Cha mwisho kwenye mstari ni cha 17 Julai 2024. Wino umelowa jasho pembeni, bila shaka ulikikunja mfukoni, lakini maandishi yanasomeka: ED, yaani kupumzishwa kazi, wiki sita, arudi 28 Agosti. Baada ya hapo mkeka mtupu. Cheti kinachofuata ni cha Desemba. Nimeweka kiberiti pale kwenye nafasi ili nisijisahau.

Mwanangu, fedha zako zimeanguka kwenye nafasi ya kile kiberiti. Malipo ya ulemavu wa muda hayatembei yenyewe kama mshahara. Yanabebwa na neno la daktari kwamba bado hujaweza kufanya kazi, na neno hilo lina tarehe ya kuisha. Cheti kilisema wiki sita, wiki sita zikaisha 28 Agosti, hakuna cheti kingine, na anayeshika faili huko mbali hana namna ya kujua kama umepona unacheza mpira au umelala Newala mguu umefungwa vijiti. Mtu akisema faili limefungwa, mwombe barua ya Mfuko inayosema hivyo. Mimi kwenye karatasi ulizonitumia sikuiona.

Kwa hiyo ndiyo, malipo yako yanaweza kuendelea. Hujafika miezi 24. Miezi hiyo inatimia katikati ya Novemba 2025, nami nakuandikia Februari ya mwaka huo huo. Muda upo, ila si wa kuchezea.

Kinachohitajika kwanza ni ripoti ya daktari. Nasema ripoti, maana wengi hurudi na kikaratasi cha ED cha siku 14 wakadhani wamemaliza. Kikaratasi hicho kinasema upumzike, hakisemi kwa nini. Rudi kwa daktari yule aliyekuona Desemba, mweleze kwamba unataka ripoti ya maendeleo ya matibabu kwa ajili ya Mfuko wa Fidia. Iseme mambo haya kwa maneno yake: kwamba jeraha analolitibu leo ni lile lile la ajali ya 14 Novemba 2023, kwamba mfupa haujaunga na kidonda kinatoa maji, kwamba kwa hali hiyo huwezi kubeba wala kusimama kazini, kwamba kuna upasuaji mwingine unaotakiwa, na kwamba baada ya upasuaji anategemea uchukue muda gani kupona. Akiandika "mgonjwa anaendelea na matibabu" halafu akaweka sahihi, mrudie. Usione haya. Daktari ana foleni ndefu nje ya mlango, hajui kwamba mistari mitano yake ndiyo unga wa watoto wako. Mwambie.

Nenda na picha zote mbili za eksirei, ya Julai na ya Desemba. Nakushauri hivyo kwa sababu ya Newala, na hapo nataka tuongee taratibu.

Mjomba wako simlaumu. Mimi ni mtoto wa Kimakonde kama wewe, najua mjomba akisema twende, mtu hubishi. Na wazee wetu wanaounga mifupa nimewaona wakiunga mikono ya watoto waliodondoka kwenye miembe, ikanyooka. Lakini mguu wenye chuma ndani na kidonda si wa kutoka mikononi mwa daktari miezi miwili. Umelipa kwa maumivu, sitaongeza neno. Nataka tu usije ukadanganya kuhusu hiyo miezi. Najua kuna watu watakaokuambia tafuta cheti cha Septemba "kwa mtu unayemfahamu". Cheti cha namna hiyo kikigundulika kinaangusha na vya kweli vilivyo karibu yake, na wewe una vya kweli vingi.

Andika maelezo yako kwa mkono, ukurasa mmoja. Sema ulikwenda wapi, lini, nani alikupeleka, kwa nini, na ulirudi lini. Kama yule mzee au mwenyekiti wa kijiji anaweza kuandika kwamba ulikuwepo kule na ulikuwa hutembei, ambatanisha. Halafu picha za eksirei zitazungumza. Mfupa uliokuwa haujaunga Julai, na Desemba bado haujaunga, haukupata kuunga Septemba ukavunjika tena Novemba. Mwombe daktari aliseme hilo kwenye ripoti: kwamba kwa kulinganisha picha hizo mbili, kipindi chote cha katikati usingeweza kufanya kazi. Uamuzi wa kulipa miezi hiyo ya nyuma ni wa Mfuko, sikuahidi. Lakini ombi lililoandikwa linaweza kukubaliwa, na lisiloandikwa haliwezi.

Weka pembeni kidogo hiyo 400,000 uilinganishe. Kuanzia Septemba hadi Januari ni miezi mitano. Mitano mara 224,000 ni 1,120,000. Na hapo sijagusa upasuaji wa Dar es Salaam, ambao ni matibabu ya ajali ya kazini na matibabu yamo ndani ya fidia. Sijagusa miezi iliyobaki mpaka Novemba. Sijagusa ulemavu utakaobaki, kama utabaki. Mtu anayekupa laki nne kwa vyote hivyo hakupi, anachukua. Tena fedha ya Mfuko haitoki mfukoni mwa ghala siku ile unapolipwa. Mwajiri anachangia kila mwezi kutokana na mishahara anayolipa, nusu ya asilimia moja kwa sasa, na anaichangia uumie usiumie. Kwa hiyo hata yeye hana sababu ya kukuondoa kwa amani ya namna hiyo, isipokuwa kuna jambo kwenye taarifa zake asilotaka liangaliwe. Angalia hati zako za mshahara za kabla ya ajali. Kama mshahara uliokuwa ukishika mkononi ni mkubwa kuliko 320,000 iliyopelekwa Mfuko, basi hata asilimia 70 yako imepigwa kwenye namba ndogo, na hilo nalo uliandike.

Karatasi zote ukishazipata, toa nakala mbili. Seti moja peleka kwa mwajiri, na kwenye nakala yako wakugongee muhuri wa kupokea, tarehe ionekane. Seti nyingine peleka Mfuko wenyewe moja kwa moja, mwajiri akipenda asipende. Siku hizi wanapokea na kwa mtandao, kijana yeyote wa stationari pale karibu na soko kuu anaweza kukusaidia kupiga picha nyaraka na kuzituma, ila simama naye uone zimekwenda zote. Mwajiri akikataa kugonga muhuri, usigombane. Nenda kwa Afisa Kazi wa Mkoa na karatasi zako. Na wakikuandikia barua ya kukuachisha kazi kwa sababu ya mguu huo, hesabu siku siku ile ile: kupeleka mgogoro wa kuachishwa kazi Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ni ndani ya siku 30. Nimeona watu wakienda siku ya 50 wakiwa na haki yote mkononi.

Sasa neno ambalo najua hulipendi. Umeandika kwenye barua yako, mwishoni kabisa, kwamba bwana utumishi alikuuliza kama unataka "kuandikwa kilema" ukakasirika ukaondoka. Nilisoma pale mara mbili.

Kaka yangu, wa tumbo moja nami, alikatwa vidole vitatu na msumeno wa kiwanda cha mbao mwaka 1996. Mkono wa kulia. Aliyekuwa akimwandikia barua ni mimi, kwa sababu yeye kalamu ilimshinda tangu siku ile. Sheria ya wakati ule ilikuwa ya mkoloni, na kiwango cha juu kabisa cha fidia ya ulemavu wa kudumu kilikuwa shilingi 108,000. Cha juu kabisa. Na hata hicho hakukipata chote, kwa sababu kila alipoitwa kupimwa asilimia za ulemavu alikataa kwenda. Alikuwa akiuficha mkono ndani ya mfuko wa suruali, hata akila alikula kwa kushoto akaja kusemwa na wazee. "Sijawa kilema," aliniambia, "vidole viwili vinatosha kushika jembe." Miaka ikapita, jalada likapotea. Amekufa akiwa na vidole viwili na bila senti. Ndiyo maana nakaa na kiberiti juu ya mkeka kwa ajili ya barua za watu nisiowajua.

Kwa hiyo nisikilize, mwanangu. Kuongezewa muda ni kwa mguu ambao bado unatibika. Wako ni wa namna hiyo leo: kuna upasuaji mbele, kuna daktari anayesema utasaidia. Omba kuongezewa, na ufanye haraka upasuliwe mapema ili miezi iliyobaki iwe ya kupona badala ya kusubiri. Lakini ikifika Novemba mguu haujarudi, au daktari kabla ya hapo akasema umefika ulipofika, usishikilie neno "muda". Baada ya miezi 24 Mfuko unaweza kuuhesabu ulemavu huo kuwa wa kudumu, na hapo unapimwa kwa asilimia. Ukiwa asilimia 30 au chini, unalipwa fedha kwa mkupuo mmoja. Ukizidi 30, unalipwa kila mwezi maisha yako yote. Nenda kapimwe. Hakuna atakayekupachika jina. Jina watu wa mtaani watakupa au hawatakupa hata usipopimwa. Na asilimia watakazokupa ukiona hazilingani na mguu wako, unaruhusiwa kuomba uamuzi upitiwe upya, ila kwa maandishi na ndani ya muda, usikae ukanung'unika kibarazani.

Tiketi za basi za kwenda Dar es Salaam na kurudi zitunze. Risiti za dawa unazonunua mwenyewe zitunze. Nunua bahasha moja ngumu, kila kitu kikae humo, na bahasha akae nayo mkeo. Nimeona kwenye mwandiko wa barua yako kwamba si wako, ni wa mwanamke mwenye utulivu. Mwambie kazi ya tarehe aishike yeye: tarehe ya kila cheti kuisha aiandike ukutani, na wiki moja kabla ya tarehe hiyo akukumbushe kurudi kwa daktari. Pengo jingine la kiberiti lisitokee.

Na mjomba mpelekee salamu zangu. Safari ya Dar es Salaam usiende peke yako na magongo, mwombe akusindikize.

BARUA YA PILI

Mama, mimi nabangua korosho Lindi, kwa msimu, nalipwa kwa kilo. Mafuta ya maganda yameniunguza viganja vyote viwili, ngozi imetoka, wiki ya tatu sasa siwezi hata kukuna nazi. Tajiri anasema vibarua hatuna fidia, na kwamba waliokatwa mchango ndio wanaolipwa. Ni kweli?

Mbanguaji, Lindi

JIBU

Si kweli, yote mawili. Mchango wa Mfuko huu haukatwi kwa mfanyakazi yeyote, hata meneja. Unalipwa na mwajiri peke yake. Na sheria haikubagui kwa kuwa kibarua au kwa kulipwa kwa kilo. Unafanya kazi yake, kwake, kwa malipo yake: wewe ni mfanyakazi wake.

Mafuta ya maganda ya korosho nayajua. Yanakula ngozi polepole, mtu anadhani ni jasho, mpaka siku anaosha mikono na ngozi inabaki kwenye beseni. Nenda kituo cha afya leo, kabla viganja havijaanza kupona, umwambie mganga kabisa kwamba ni mafuta ya maganda ya korosho, ayataje kwenye cheti. Cheti kikisema "vidonda mikononi" peke yake, kesho utaambiwa ulimwagikiwa uji jikoni kwako.

Kisha mpe tajiri taarifa kwa maandishi, mistari mitatu inatosha, na shahidi mmoja mliyekuwa naye mezani. Tangu alipojua, ana siku saba za kuupelekea Mfuko taarifa. Asipofanya, usimsubiri, peleka mwenyewe. Wewe una miezi 12 ya kudai tangu ulipoumia, lakini kwa viganja miezi 12 ni mingi mno, ngozi itakuwa imeota na ushahidi umekwenda. Mwombe binti yako apige picha mikono yako kwa simu, leo kukiwa na mwanga, viganja vikiwa wazi kabla ya kufungwa bandeji. Na kwa kuwa unalipwa kwa kilo, tafuta lile daftari mlilokuwa mkiandikia kilo zenu kila jioni. Kurasa zako zipige picha pia, miezi yote. Asilimia 70 yako itahesabiwa kutoka humo, na madaftari ya msimu huwa yanachomwa korosho zikiisha.